Balunda Wawili na Mwiko wa Ndaya

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi bado halijaanza, nilimpoteza Ndaya, mke wangu. Alikufa asubuhi, maji yake ya kuoga yakiwa bado motoni. Naanza hapo kwa sababu ninyi vijana mnaonirithi mliniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi ya kuunganisha wanafunzi wageni na wenyeji, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa yake. Hakuna aliyemwita mfanyakazi. Nikianza kwa njia nyingine nitakuwa nawadanganya.

Msiogope, sitawaliza. Mwenyewe nilikwisha kulia, na mtaona nani alinifanya nilie.

Mimi nilikuwa mlinzi wa homu, yaani nyumba wanamolala wanafunzi wa chuo chetu hapa Kamina. Nilisoma shule ya msingi tu. Kazi yangu ilikuwa funguo, taa, maji na vitanda. Kisha wageni wakaanza kuja: Wazambia, Waangola, Watanzania, Warundi. Walikuja kusoma kilimo na uganga. Walishuka kituoni na masanduku yao, wakapanda pikipiki mpaka mlangoni, na mtu wa kwanza kuwapokea alikuwa mimi. Wakubwa wa chuo wakasema kila mgeni apewe mwenyeji mmoja wa kutembea naye mwaka mzima, amwonyeshe soko, hospitali, kanisa na mahali pa kuchaji simu. Nani awe na nani? Hapo wakubwa wakanitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyewajua wanapoamka na wanapokasirika. Ofisini mpango ule ulikuwa na jina refu la Kifaransa. Sisi tuliwaita balunda, marafiki kwa Kiluba, na lile jina refu likafa lenyewe.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa Papa Numbi, mlinzi wa lango, mzee aliyemaliza ujana wake kwenye reli akiunganisha mabehewa. Mwaka wa kwanza nilimpa Mtanzania mmoja mwenyeji wake, kijana wa Kaniama, mtoto wa wafugaji, mwenye moyo mkubwa mno. Nilimwambia, "Usimwache mgeni wako." Basi hakumwacha. Alimfuata darasani, akamfuata kanisani, akamngojea nje ya choo na kopo la maji mkononi. Kabla ya mwezi kwisha yule Mtanzania alikuja kwangu kwa adabu zake zote za kwao.

"Shikamoo mzee. Naomba chumba chenye kufuli."

"Kuna mwizi?"

"Hapana mzee. Kuna rafiki."

Papa Numbi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akanikumbusha mabehewa ya kituoni, "Monga, uliona bavago pa gare? Katikati yabo munabakiaka kanafasi kadogo. Ukibana sana, makina ikivuta, cheni inakatika. Ukiacha sana, bavago banagongana, mizigo yote chini. Batoto ni vile vile."

Toka siku ile nilitafuta hiyo nafasi ndogo. Sheria yangu ikawa hivi: wapeni kazi moja tu kwa juma ya kufanya pamoja, na kazi hiyo iwe na chakula ndani yake. Siku nyingine kila mmoja aende zake. Wala msiwaulize wanapenda nini, kwa maana kijana bado hajui anachopenda. Muulizeni anaamka mapema au anachelewa, na akikasirika ananyamaza au anapiga kelele. Anayenyamaza mpeni anayepiga kelele. Mkiweka wawili wanaonyamaza, siku wakikosana mtangoja mpaka Yesu arudi.

Hilo nililijua vizuri, na bado nikamweka Chanda na Bokungu.

Chanda alikuwa Mzambia, Mubemba, kijana mrefu mwenye nywele fupi, mpole kama maji ya kisima. Bokungu alizaliwa hapa Kamina, kwenye kambi ya jeshi. Baba yake ni askari aliyetoka mbali, huko Ekweta, kaskazini mwa Kongo. Wote wawili walinyamaza. Lakini watoto wa kambi nilikuwa nawapenda kwa kazi hii, kwa sababu wamekua nyumba kwa nyumba na watu wa kila pembe ya nchi na hawamshangai mgeni. Na kweli walipatana upesi. Walichota maji pamoja, wakaelewana kwa Kifaransa kidogo na Kiingereza kidogo, na mikono ikamalizia.

Chanda alimwomba Bokungu amfundishe lugha ya hapa. Bokungu akamfundisha kwa moyo wote. Wiki chache baadaye Chanda akaenda sokoni peke yake, amejaa furaha, akasimama mbele ya mama mwenye samaki wa Mulongo, akasema kwa sauti nzuri, "Mbote, mama. Nalingi mbisi."

Nyinyi wa Kamina mmekwisha kucheka. Kwa msomaji wa mbali nieleze: hiyo ni Lingala, lugha ya askari, "Habari, mama, nataka samaki." Hapa kwetu kijana mrefu mwenye nywele fupi akija sokoni na Lingala, mamama hawaoni mwanafunzi. Wanaona askari aliyevua sare. Yule mama wa kwanza alisukuma samaki wake chini ya meza. Wa pili akamtupia samaki mkubwa kuliko wote akisema, "Beba, shefu, beba, kwenda tu." Chanda akamkimbilia ili amlipe, mama akakimbia zaidi. Soko lote likasimama kutazama.

Alirudi homu na samaki mkononi, machozi karibu, akaniuliza kwa Kifaransa chake cha kuvunjika kwa nini mamama wa Kamina wanamwogopa. Nikamwita Bokungu.

"Ulimufundisha nini?"

"Luga ya hapa, Papa. Njo ile aliomba."

"Lingala njo luga ya hapa?"

Akanitazama bila kuelewa. "Kwetu hapa, Papa, tunasemaka ile."

Sikuweza kumgombeza. Hapa ya Bokungu ilikuwa kambi. Alimpa mwenzake kile alichokuwa nacho nyumbani. Lakini homu nzima ikapata habari, na toka siku ile Chanda akaitwa Komanda. Akipita wanampigia saluti.

Jioni nilimwambia Ndaya. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa. "Ubalete hapa kila siku ya Mungu kisha misa," akasema. "Batasonga bukari. Luga itaingilia mu kinywa."

Hiyo ilikuwa njia yake, na mkikumbuka kitu kimoja katika maneno yangu, kumbukeni hii. Bukari, yaani ugali wetu, ya watu wengi haisongwi na mtu mmoja. Mmoja anashika sufuria kwa vitambaa ili isipinduke juu ya mbabula, jiko la makaa, mwingine anasonga kwa mwiko mkubwa. Anayesonga anamtegemea anayeshika, na anayeshika jasho linamwingia machoni na hawezi kuachilia. Wakikosana, chakula kinamwagika, na hapo hata wanaonyamaza wanasema. Ndaya alikaa kwenye kiti chake kifupi, akiwatajia kila kitu kwa Kiswahili, moto, unga, maji, mwiko, na aliyekosea alirudia huku anasonga.

Jumapili moja Chanda alisema kwao bukari ni ubwali, na kwamba wazee wao husimulia kuwa zamani walitoka huku kwa Baluba. Ndaya akaweka bakuli chini.

"Aaa! Njo ninyi? Ninyi njo mulikimbia na mbegu yetu! Siku yote ile tunabatafuta. Mwizi weye!"

Chanda akatabasamu kama mtu aliyekuta ndugu njiani. "Mama, hatukuiba. Tulibaacha ju ya buvivu yenu."

Alimweleza kwamba kwao watu wa namna hiyo ni watani, wanatukanana bila kukasirikiana. Basi wakawa watani. Akiingia mlangoni, Ndaya anapiga kelele, "Fungeni kuku, mwizi anafika!" naye anajibu, "Muvivu angali anakaa pale pale?" Mimi sikuwa mzungumzaji. Jumapili zile nyumba yangu ilikuwa na kelele kuliko baa, na niliipenda kelele ile.

Sasa nifike penye shida. Mwezi wa nne Ndaya alianza kuugua, Jumapili za bukari zikasimama. Wale wawili wakabaki na maji ya kuchota tu. Siku moja kwenye bomba, wanafunzi walimpigia Chanda saluti tena, Bokungu naye akacheka kidogo. Kicheko kidogo tu. Chanda akageuka.

"Weye unacheka nini? Weye mwenyewe hauko muntu ya hapa!"

Mnajua vizuri neno hilo linaingia wapi kwa mtoto wa kambi. Amezaliwa hapa, kitovu chake kimezikwa hapa, na bado watu wanamuuliza kwao ni wapi. Bokungu aliweka ndoo yake chini, akaondoka bila maji. Chanda alijua papo hapo alichofanya, lakini alikuwa wa kunyamaza, na mwenzake wa kunyamaza. Siku zikapita. Nilijaribu kuwaweka pamoja, wakakaa mbele yangu kama mawe mawili.

Mwishoni Chanda alikuja kuniaga. Anarudi kwao, masomo basi. Kifaransa kilimshinda, alisema, lakini wote tulijua si Kifaransa. Alibeba mkoba wake mkubwa mpaka kituoni, akauacha kwa mzee mmoja wa bohari, akaanza kungoja treni ya Lubumbashi. Mnajua treni yetu. Inafika siku inayotaka. Nilimshukuru Mungu kwa ubovu wa reli, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla.

Alhamisi, Ndaya aliniuliza kitandani, "Balunda bale banasemezana?"

"Bado."

"Mwizi yangu asirudie kwabo na hasira. Bakipatana utaniambia."

Nikamwambia nitamwambia. Jumapili akafa.

Tuliweka matanga uani, chini ya hema. Kaka yake mkubwa, Kasongo, alifika na jamaa za upande wao, watu wa kijijini, Wakatoliki wazito, wanaojua kila kitu cha kilio kinavyopaswa kuwa. Wanawake walilia, wanaume walikaa kimya kwenye viti. Nami nilikaa. Sikulia, sikula, sikusikia vizuri. Watu walisema nami wakaonekana kama wako ng'ambo ya mto.

Ndipo Chanda akaingia uani, peke yake. Hakulia wala hakusalimia mtu. Alitembea moja kwa moja mpaka mlango wa chumba alimolazwa Ndaya, akapiga makofi, akasema kwa sauti ya juu:

"Ndaya! Muvivu weye! Miye nakuya na njaa, weye unalala? Bukari iko wapi?"

Kilio kikakatika kama taa.

Akaenda kukaa kwenye kiti kifupi cha Ndaya, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. "Angalia," akasema, "ni kulala tu. Nilisemaka shiye tuliwaacha ju ya nini?" Kisha akaingia jikoni, akatoka na ule mwiko mkubwa, akauweka begani kama bunduki.

Kasongo alimkamata shati. Wanaume wengine watatu wakasimama. "Uyu eko nani? Anatukana maiti ya dada yangu? Mumutoe! Mumupige kwanza!"

Chanda hakuuachia mwiko. Kiswahili chote kilikuwa kimemkimbia. Na mimi, ninyi vijana, mimi niliyejua maana yake, sauti haikutoka. Mdomo ulifunguka, ikawa hewa tu.

Aliyesema alikuwa Bokungu. Alikuwa amekaa nyuma na wenzake wa homu. Alipita kati ya viti, akajiweka kati ya Kasongo na Chanda, akaondoa ule mkono kwenye shati, polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Papa, samahani. Hapana matusi. Kwabo, mutani yako akikufa, weye hauliaka. Unakuya kumuchekesha, na unafanya kazi ya kilio. Usipofanya vile, njo haukumupenda. Alinielezea kilio ya baba yake, tukiwa tunachota maji. Uyu muntu anakuya kuheshimu mama."

Kasongo akamtazama toka juu hadi chini. "Na weye uko nani? Si muntu ya kambi? Unayua nini ya matanga yetu?"

"Ya kwenu, Papa, siyui muzuri," Bokungu akasema. "Lakini yake, nayua."

Chanda, nyuma ya mgongo wa mwenzake, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, akakaza sauti akamaliza kazi yake: "Ndaya, angalia! Mupaka askari ya Lingala njo anakuya kunisaidia. Bandugu yako bote ni bavivu kama weye!"

Hapo nilicheka. Sikutaka. Kilitoka tumboni kama kikohozi, nikacheka mpaka nikainama, na kilio kikafuata nyuma yake, vyote viwili pamoja, na masikio yangu yakafunguka. Nikasikia kuku. Nikasikia mama mmoja akisema, "Anacheka, Monga anacheka." Kasongo alinitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Chanda, "Kama uko mutani, kazi njo ile." Akamwonyesha majembe na chepe ukutani.

Walichimba kaburi, Chanda na Bokungu, pamoja na wanaume wa upande wa Kasongo. Udongo wetu mwekundu baada ya mvua ni mzito, unashika chepe. Nasikia huko shimoni walisemezana, lakini walichosema ni chao, sikuuliza. Nanyi msiulize vitu vya namna hiyo. Wakikwisha kupatana, mwenye kuwaunganisha anaondoka katikati.

Baada ya mazishi nilimwomba Chanda mwiko. Akakataa.

"Kwetu, Papa, mutani akikamata kitu ya marehemu, mwenye nyumba anakikomboa. Siku weye mwenyewe utasonga bukari na utakula, njo mwiko utarudia."

"Nitasonga na nini, na mwiko uko nao?"

"Ile njo shida yako."

Akaondoka nao. Hakusema anabaki, hakusema anakwenda. Mkoba wake ulikuwa bado kituoni, na baadaye Bokungu aliniambia mwiko pia umewekwa ndani ya mkoba.

Matanga yalipoondolewa, jamaa wakarudi kijijini, nyumba ikabaki na mimi. Sikupika. Jirani aliniletea sahani, nikairudisha ikiwa imeguswa pembeni tu. Ndipo mchana mmoja nikasikia treni. Toka nyumbani kwangu inasikika vizuri: inalia mara moja mbali, kisha inalia tena ikiingia kituoni. Nilisimama. Ningeweza kupanda pikipiki nikawahi, nikamshika Chanda mkono, nikamwomba. Nikamkumbuka Papa Numbi na ile nafasi yake ndogo.

Badala ya kwenda, niliwasha mbabula.

Nilibandika maji. Nilivunja ubao wa sanduku la sabuni nikaukwangua kwa kisu uwe kama mwiko. Maji yalipochemka nilimimina unga, nikaanza kusonga, na sufuria ikaanza kuzunguka pamoja na ubao, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuishika. Miaka yote ile nilikula bukari bila kujua ina nguvu hivyo. Nilishika kwa mkono wa kushoto nikaungua, nikaachilia, ikainama upande. Huko kituoni treni ikalia ya kuondoka. Nikaendelea kusonga, unga ukiwa mabonge kama mawe ya reli.

Nikasikia baiskeli inasukumwa uani, na mnyororo wake unaolia. Sikugeuka. Mikono miwili yenye vitambaa ilishuka mbele yangu, ikashika sufuria pande zote mbili, ikatulia.

"Songa, Papa," Bokungu akasema. "Nashika."

Chanda alikuwa anafungua kamba za mkoba wake nyuma ya baiskeli. Akaja akachungulia sufuria. "Ndaya, njo huyu alikuoa? Hii iko simenti. Na hii tutajenga homu nyingine."

Tulikula. Kulikuwa na sombe ya jirani na samaki mmoja. Nilikula tonge la kwanza, nikala la pili, kisha sikuhesabu tena. Walibishana kuhusu treni, Bokungu akisema ilichelewa, Chanda akisema iliwahi mno, na mzee wa bohari, kumbe, alitaka kumpigia saluti.

Kisha Bokungu akachukua sufuria kwenda kuisugua nje. Chanda akatia mkono katika mkoba, chini ya nguo, akatoa mwiko. Akaupangusa kwa shati lake, akautundika kwenye msumari wake ukutani, akarudi nyuma hatua moja kuona kama umekaa sawa.